Gunia Katika Bomba la Moshi

Mtunzaji wa nyumba za matofali za Timau hupangusa kila dirisha kabla ya kunywa chai. Mzungu aliyezijenga alitaka zifanane na za mji wake Uingereza. Nimefika huko, na kweli zinafanana, hata kwa ubaridi. Sasa zinalindwa na sheria, na haruhusiwi mtu kugusa mlango, kigae wala bomba la moshi. Mama huyu, ambaye kila mtu humwita cucu, yaani nyanya, anaishi katika ile ya mwisho, mradi asibadilishe kitu. Ana mikono mipana, sauti ya chini, na gunia lililoloweshwa maji alilolisokomeza katika bomba, ili moshi upande darini. Mbegu za mahindi zilizowekwa huko zikikosa moshi huliwa na fukusi kabla mvua haijafika.

Afisa wa majengo ya kale alipokuja kukagua, nilikuwa pale nikikohoa. Aliinama mekoni, akaliona gunia.

“Cucu, hii ni makosa. Nikisema ofisini, unahama.”

“Sema, Kirimi.” Aliendelea kuchochea moto. “Lakini kwanza panda juu utoe debe la mama yako, lile la kifuniko chekundu. Mwambie mwaka huu anunue mbegu dukani.”

Afisa alipangusa macho, nadhani kwa sababu ya moshi. Alitoka, akazunguka nyumba yote polepole, akarudi mlangoni.

“Lisukume juu kidogo, cucu,” alisema. “Mkubwa wangu anakuja Jumatatu, na yeye pia huinama.”