Salongo ya Milioni Moja na Moja

Siku ya kwanza ya kazi, pikipiki iliyonitoa Kasongo ilinishusha kijijini Wamaza nikiwa na matope hadi magotini na diploma ndani ya shati. Njia nzima nilijiuliza: wanafunzi wakiuliza nisichojua, je? Na wasipouliza kitu, je?

Darasa la sita la sekondari lilinipa jina upesi: Mwalimu Labda, kwa kuwa kila jibu langu lilianza na neno hilo. Prefe, mkuu wa shule, alilisikia.

"Kesho nitakaa darasani mwako," aliniambia. "Nikisikia 'labda' moja tu, nakupeleka kufundisha wadogo."

Kesho yake niliandika 1 000 001 kwenye ubao tuliousiliba kwa majani ya muhogo na makaa ya betri kuukuu. Je, ni namba tasa, yaani haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe?

"Iko tasa, inaonekana na macho," alisema Zaina, kutoka nyuma.

"Macho hayagawanyi, dada," nilimjibu.

Niliwaeleza kwamba namba isiyo tasa lazima iwe na kigawanyo tasa kisichozidi kipeuo chake cha pili. Hapa ni kama elfu moja. Peke yangu nisingemaliza. Basi, kama asubuhi ya salongo, kazi ya kijiji kizima, kila nyumba inapopewa kipande chake cha barabara kulima, niligawia mabenchi namba tasa za kujaribu. Ya mbele yalichukua zote zilizo chini ya mia. Ya nyuma, kuanzia 101.

Mabenchi ya mbele yalipata mabaki tu: hakuna namba iliyoingia bila kubakiza.

"Tumelima bure!" aliguna Musafiri.

"Mwalimu!" Zaina alisimama. "Mia moja na moja inaingia! Inatoa 9 901, hakuna kinachobaki!"

"Benchi ya mbele, mulilala!" wenzake walicheka.

Prefe hakucheka. "Na hiyo 9 901, iko tasa?"

Neno 'labda' lilishafika ulimini. Nikatazama mabaki ya Musafiri. Kipeuo cha 9 901 hakifiki mia. Na chochote kinachoigawanya kingeigawanya pia milioni moja na moja.

"Ni tasa, Bwana Prefe. Musafiri na wenzake wamekwisha kujaribu zote zilizo chini ya mia. Hakuna iliyoingia."

"Sisi?" aliuliza Musafiri.

"Ninyi. Hamkulima bure."

Prefe alitoka. Darasa likabaki langu.

Miaka imepita, na mwaka huu Prefe amestaafu. Tulipomuaga aliniuliza kama nami nitaondoka, nirudi Kasongo. Nilifikiri, nikafikiri tena, kama kawaida yangu.

"Nabaki," nilisema.