Taa ya Kofia Tatu

Mwezi huo wa Julai, Riungu, fundi wa mabati pale Makutano, alikuwa na hofu moja tu: macho ya mkewe. Kajuju alikuwa mshonaji wa sare za kwaya na nguo za harusi, na sasa kila jioni aliacha cherehani mapema, ameshika paji la uso.

"Hii balbu inanichoma macho, Baba Kawira."

Balbu! Riungu akalishikilia neno hilo kwa mikono miwili. Kama si balbu, basi ni ugonjwa, na mama mkwe alianza hivyo hivyo, akaishia kushikwa mkono hadi chooni. Hapana, iwe balbu tu.

Akakumbuka taa aliyoiona akirekebisha mifereji ya paa la hoteli fulani. Taa ya kutoka Denmaki, muundo wa zamani: kofia tatu moja juu ya nyingine, balbu imejificha ndani, huioni ukiwa umeketi mezani. Mwanga unashuka polepole, haukuumizi. Akakata bati, akalikunja, akapaka ndani rangi nyeupe isiyong'aa. Wenzake wakamcheka eti siku hizi anashonea kuku kofia. Yeye hakucheka.

Siku ya ukungu mzito, saa tisa, akaitundika juu kabisa darini, maana kwetu taa hukaa juu ili mgeni aione nyumba yote. Kajuju akainua uso, akafumba macho haraka. Kutoka chini, balbu ilionekana yote! Riungu akavuta kiti. Akakipanda, akashusha waya hadi karibu na cherehani.

"Utaigonga na kichwa," Kajuju akasema. "Na chumba kitabaki giza, watu waseme tumekatiwa stima."

"Wacha waseme. Keti, tafadhali."

Akaketi. Mwanga ulitulia juu ya kitambaa, laini, na Kajuju akatabasamu.

"Sasa je?" Riungu akauliza.

"Hainichomi hata kidogo. Haki wewe ni fundi!"

Riungu nusura aruke kwa furaha. Kajuju akachukua uzi atie kwenye sindano. Ukapita kando. Akaulowesha kwa ulimi, akajaribu tena. Kando. Mara ya tano, Riungu alitaka kumsaidia, lakini akaishia kuishusha taa kidogo zaidi.

"Baba Kawira," mkewe akasema, bado ameinama, "hii taa yako haina shida yoyote."