Nati za Trekta la Masanja

Mwanangu, ipo siku moja ninayoikumbuka hata nisipotaka: siku niliyomwona Deusi ameketi kwenye kiti changu. Nasema changu, ingawa hata siku ile hakikuwa changu. Kilikuwa kiti cha trekta la chama cha ushirika, chuma kitupu chenye matundu, nami nilikikalia misimu mingi nikiwalimia watu hapa Ufipa. Deusi nilisoma naye katekisimu. Kubadili gia nilimfundisha mimi. Sasa anapita mbele ya nyumba yangu, moshi unaruka, watoto wanamkimbilia, naye ananipungia mkono! Nilijisikia kama mwanamume aliyemwona mke wake wa zamani amevaa kitenge kipya alichonunuliwa na jirani.

Ngoja nikueleze habari za trekta lenyewe, maana ninyi mnayaona matrekta mapya yanameta pale Sumbawanga mjini, mnadhani hayana ukoo. Lile lilikuwa na jina la Kiingereza usoni. Waliolibuni walikuwa Waingereza, hilo ni kweli, lakini halikuzaliwa Uingereza. Wenyewe waliuza ruhusa ya kuliunda kwa nchi nyingine ya Ulaya, nchi ambayo leo ukiitafuta kwenye ramani huioni, na huko ndiko lilikoundwa kabla ya kupakiwa melini kuja kwetu. Fundi aliyelileta alinionyesha kibati kidogo pembeni ya injini kilichoandikwa mahali lilipoundwa. Akaniambia, "Kijana, sura isikudanganye. Huyu ana jina la baba, lakini vipimo ni vya nyumba aliyolelewa." Maana yake, Mwingereza nati zake alizipima kwa inchi, na wale walizipima kwa milimita. Ukilazimisha nati ya inchi inazunguka kidogo, inakula hesi, yale meno ya bolti, halafu inaachia. Pale kijijini jambo hilo nililijua mimi peke yangu.

Ikaja miaka ya ruksa. Soko huria, mitumba kila kona, kila mtu na biashara yake. Ushirika ukafa, mali zikauzwa mnadani, na trekta likachukuliwa na Masanja. Huyu alikuwa Msukuma aliyehamia Ufipa na familia yake na ng'ombe wake, akauza sehemu kubwa ya kundi ili alipate. Ningekuwa na akili ningemwendea kwa heshima nikaomba kazi. Badala yake nilisimama palepale mnadani nikasema kwa sauti, "Msukuma na trekta wapi na wapi? Atalipigia mluzi kama ng'ombe!" Watu wakacheka. Masanja naye akacheka, kisha akamwajiri Deusi. Mdomo uliponza kichwa.

Wivu ule sikuuficha. Nilisema mgeni kamnunua mgeni mwenzake. Nilisema Deusi analima mistari imepinda, ingawa mnyonge mnyongeni haki yake mpeni, mistari yake ilinyooka kuliko yangu. Nikisikia lile trekta linanguruma wakati ninakula, nilisukuma sahani ya ugali pembeni.

Mvua za kwanza zilipoanza, gurudumu moja la nyuma likaanza kucheza. Nati zake zilikuwa zimelika. Masanja akaenda mjini, akanunua nati za Kiingereza kwa kufuata jina lililoandikwa usoni, kama mtu yeyote mwenye akili angefanya. Zikafungwa, zikaachia kabla hata shamba lake halijafika nusu. Akanunua nyingine, nazo zikaachia. Ndipo akaja kwangu, mtu mzima, kofia mkononi.

"Ndugu yangu," akasema, "wewe umelijua hili trekta kabla yetu. Nati kila tukifunga zinaachia. Linataka nini?"

Nilijua linataka nini. Hata pa kuzipata nilipajua: mtaa wa Chanji, pale Sumbawanga mjini, kwa mzee mmoja aliyeuza vyuma vya malori mabovu. Lakini nikamtazama Deusi aliyesimama nyuma yake, amevaa ovaroli niliyokuwa naivaa mimi, nikajibu, "Mimi si dereva wako. Muulize dereva wako."

Masanja akashukuru, wakaondoka. Mama yangu alikuwa uani anapepeta ulezi na alisikia kila neno. Akaweka ungo chini.

"Kwani kweli hujui?"

"Najua, mama. Ila kwa nini nimwambie?"

"Kwa sababu likitoka kwa Masanja linakuja kwangu. Tumeshakubaliana. Mgongo huu hauyawezi tena matuta."

Unayajua matuta yetu Wafipa, yale ya mviringo tunayofukia majani yaoze, halafu msimu unaofuata tunayavunja na kupanda. Mama aliyavunja kwa jembe maisha yake yote. Mwaka ule tu ndio alitaka kupumzika, na hakuniambia kwa kuwa alijua nitanuna nikisikia jina la Masanja.

"Leo umetunyima watu wawili," akasema. "Haya, huo wivu wako ufunge jembe tuone kama utalima."

Unadhani nilikimbia kumfuata Masanja? Wapi! Nilishikwa na haya, na haya ya mwenye wivu ni ndugu wa kiburi. Nikasema nitakwenda kesho. Kesho yake nilipofika, Masanja alikuwa ameshapanda basi la Mbeya kutafuta nati za Kiingereza zilizo imara zaidi, na bolti ya mfano na hela za vipuri ameondoka nazo. Deusi alinisikiliza hadi mwisho, akashika kichwa.

"Sasa si ungesema jana, ndugu yangu?"

Masanja alikawia huko Mbeya, na mvua haikumsubiri. Mama naye hakumsubiri. Nilimwambia nitalima mimi, na jembe nililishika kweli, lakini mikono iliyozoea usukani ilitoka malengelenge siku ya kwanza. Kila nilipopumzika nilimwona ameinama mbele yangu, anavunja matuta. Masanja aliporudi nilimpeleka Chanji mwenyewe. Zile nati pamoja na bolti zake ziliingia kwa vidole tu. Akanishika mkono kwa furaha, wala hakunikumbusha lolote. Trekta lilipofika shambani kwetu lilikuta matuta yamekwisha, na mama amelala ndani kwa ubavu, kugeuka hawezi. Tangu msimu ule alitembea ameinama hadi tulipomzika.

Hiyo ndiyo faida niliyoipata. Kiti kilibaki cha Deusi. Na nikwambie ukweli, hata leo trekta likipita ninanyanyua shingo kutazama nani amekalia.

Kwa hiyo sikwambii usione wivu, mwanangu. Wivu unaingia bila hodi, hata kwa wanaokomunika kila Jumapili. Ninachokwambia ni kwamba usiupe ulimi useme kwa niaba yako. Mtu usiyempenda akikuuliza jambo unalolijua, mjibu kabla hajatoka uani kwako, kwa maana hujui nani anasubiri nyuma yake. Majuto ni mjukuu, na mimi mjukuu huyo nimemlea miaka mingi.

Nenda sasa. Mungu akupe riziki ya kukutosha, na jirani akipata kukuzidi, akupe na kifua cha kumpa hongera. Na mama yako azeeke mgongo wake umenyooka. Amina.