Nukta Kati ya Maneno

Nilikwenda Shinyanga kufundisha Kiingereza. Nilikuwa na cheti kipya, sanduku la bati na kamusi niliyoifunika kwa gazeti isichafuke, na nilijiona mtu. Mwalimu mkuu alinipokea vizuri, akanionyesha chumba changu, kisha akaniambia kwamba asubuhi nitafundisha watoto Kiingereza na kuanzia saa tisa alasiri nitafundisha watu wazima kusoma na kuandika. Ilikuwa miaka ya sabini, watu walikuwa wamehamishiwa kijiji kipya misimu michache tu nyuma, na kila mwalimu alipewa darasa la kisomo. Nilinuna wiki nzima. Sikusoma miaka yote ile ili nije kufundisha ba, be, bi kwa watu wenye wajukuu.

Walikuwa kumi na wawili, wakulima wa pamba na wafugaji. Nyumbani walizungumza Kisukuma, na mimi mtu wa Tanga sikukijua hata salamu. Kiswahili walikisikia redioni na mikutanoni kikienda mfululizo, basi walipokiandika walikiandika hivyohivyo, mstari mzima neno moja. Nilifuta, wakarudia. Nikafoka, wakacheka kwa adabu, wakarudia. Siku moja uvumilivu ukaniishia, nikaomba konzi ya mahindi, nikawatoa nje na kuandika sentensi mchangani kwa kijiti. Kila neno lilipokwisha niliweka punje moja. Wakaelewa palepale. Tangu siku hiyo mchangani tuliweka punje, na kwenye daftari tukaweka nukta, kati ya neno na neno. Chuoni hakuna aliyenifundisha kitu hicho. Nilijivunia nukta zile kuliko cheti changu.

Aliyezishika mapema kuliko wote alikuwa bibi mmoja mjane. Mtoto wake pekee, binti, alikuwa ameolewa Geita na mchimba dhahabu, na bibi alitaka kujua kuandika ili amwandikie bila kumpitishia mtu mwingine siri zake. Alikaa mbele kwa sababu macho yake yalikuwa mabovu. Yalikuwa mekundu, mekundu kabisa. Kule miti ilikuwa imekwisha siku nyingi, wanawake walipikia kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa, na yeye alikuwa amekaa katika moshi ule maisha yake yote. Nilifikiria dawa ya macho. Niliona kwamba hakuna aliyekaa karibu naye, nikadhani ni heshima. Nilikuwa mjinga hivyo.

Mtu mmoja tu hakumkwepa, naye ni mpwa wa marehemu mumewe, mwanamume wa miaka thelathini hivi. Ndiye aliyembebea kigoda chake kila alasiri, akamwita mayu, yaani mama, akamkung'utia vumbi kabla hajakaa. Naye alikuwa mwanafunzi wangu. Jaruba lake la mpunga lilipakana na la bibi, ila la bibi ndilo lililokuwa bondeni, likishika maji hata mvua zikisuasua. Nilimpenda mtu yule kwa adabu yake. Niliwahi kumtolea mfano mbele ya darasa.

Mwaka ule mvua zilisuasua kweli. Watoto wawili wa boma moja walikufa kwa homa ndani ya juma moja. Kisimani wanawake walianza kunyamaza nikifika, na nilipouliza kuna nini waliniambia hakuna kitu, mwalimu, chota maji. Mwalimu mkuu ndiye aliyenieleza, bila kuniangalia usoni, kwamba huku kwetu mzee mwenye macho mekundu husemwa vibaya msiba ukitokea, na wakati mwingine haiishii kwenye kusemwa. Nikamwambia ni moshi tu. Akasema anajua ni moshi.

Siku chache baadaye bibi alifika darasani kabla ya wenzake. Alikuwa anacheka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mwalimu, nimepata balua! Nimeikuta mlangoni asubuhi, imechomekwa. Nimeisoma mwenyewe, hakuna aliyenisaidia. Ni pale tu pamenishinda."

Alinipa kipande cha karatasi ya daftari. Nakumbuka kila herufi.

bibi . hama . kabla . ya . mavuno . la . sivyo . panga

Kidole chake kilikuwa kwenye "la sivyo". Niliyafundisha maneno hayo mimi, katika sentensi ya palizi: palilia pamba mapema, la sivyo mavuno yatakuwa haba. Juma lile bibi hakuwepo, alikuwa nyumbani anaumwa macho. Wengine kumi na mmoja walikuwepo. Na zile nukta. Hakuna mtu mwingine duniani aliyeandika vile isipokuwa watu wa darasa langu.

"Maana yake nini?" akaniuliza.

"Maana yake... usipofanya hivyo."

Alirudia kusoma tangu mwanzo, kidole kikienda nukta hadi nukta. Kicheko kilimtoka usoni polepole. Akaikunja karatasi, akaitia kwenye pindo la kanga yake.

"Wabeja, ng'wanone," akasema. Asante, mwanangu. Kisha akafungua daftari, maana wenzake walikuwa wanaingia, na mpwa alikuwa mbele yao na kigoda mkononi.

Nilimkimbilia mwalimu mkuu. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniambia mimi ni mgeni, nina kazi ya serikali, na kwa uzima wangu nifundishe. Nilitoka pale na hasira, nikaamua kumtafuta mwandishi mwenyewe. Kesho yake niliwapa imla. Nilisoma taratibu sentensi tano za kawaida, kuhusu ng'ombe na mvua, na katika moja nikachomeka neno hama. Nilikusanya madaftari nikaenda kuyasahihisha chumbani.

Madaftari kumi na moja yalikuwa na nukta kama kawaida. La mpwa halikuwa na nukta hata moja. Jana yake tu alikuwa anaziweka. Sasa maneno yake yalitengana safi, kama ya karani, na mkono ulikuwa umebonyeza karatasi mpaka ikakaribia kutoboka. Niliingiwa na baridi, ila nitakuwa mwongo nikisema ilikuwa hofu peke yake. Nilifurahi pia, nilijiona hodari. Na kwa kuwa nilikuwa mwalimu mpya, nisiyeweza kuliacha kosa lipite, mkono wangu ulichukua kalamu nyekundu na kuandika chini ya kazi yake: Nukta zako ziko wapi?

Nilimrudishia daftari. Alisoma maneno yangu manne kwa muda mrefu kuliko yalivyohitaji. Akaniangalia, akatabasamu, akasema, "Nimesahau, mwalimu. Sitasahau tena."

Bibi aliamua kuhama. Alikuja kuniaga Jumamosi asubuhi, akasema anakwenda kwa binti yake Geita. Kumwambia nilichokigundua ilikuwa sentensi moja tu. Sikuisema. Nilijiambia anaondoka, yamekwisha, kwa nini nimtie uchungu juu ya mtu anayemwita mama? Ukweli ni kwamba niliogopa. Ila ni kama moyoni nilijua, nikamwambia, "Bibi, ukifika niandikie. Na usiweke nukta. Wewe sasa huzihitaji. Ukiandika bila nukta nitajua ni wewe." Alicheka, akachukua kijiti, akaandika jina lake na la binti yake mchangani, bila punje katikati, wazi kabisa.

Ndipo mpwa akatokea na baiskeli. Kwa desturi yao mzee hasafiri peke yake, kijana wa ukoo ndiye humsindikiza. "Usiwe na wasiwasi, mwalimu," akaniambia. "Nitampeleka mpaka barabara kuu, nimpandishe basi la Mwanza kwa mkono wangu. Akivuka kivuko cha Busisi ni Geita hiyo." Akafunga mzigo wa bibi, akampakia nyuma, taratibu, kama mtu apakiaye mayai. Bibi alinipungia mkono. Nami nilimpungia. Njia ya kwenda barabara kuu ilipita majarubani, na nilisimama nikiwatazama mpaka mabua yalipowaficha.

Barua ilifika baada ya miezi miwili. Mhuri wa posta ulikuwa umefifia, haukusomeka.

nimefika . salama . geita . usiwe . na . wasiwasi . mwalimu

Nilijiambia mzee amesahau. Nilijiambia mazoea ni mazoea. Nimekuwa nikijiambia hivyo mpaka leo, na Geita sikwenda kuuliza.

Jaruba la bondeni lilipandwa mpunga mapema msimu uliofuata. Mpwa hakukosa darasa hata siku moja. Alikuja na kile kigoda, akakaa mbele, mahali pa bibi. Nilipokusanya madaftari, lake lilikuwa na nukta kila mahali zilipotakiwa, duara, zenye wino mzito. Nilisahihisha kwa kalamu nyekundu, nikampa vema zote.