Maegesho ya Boti ya Mdogo Wangu

Daktari alipomwambia mdogo wangu kwamba magoti yake hayapandi tena Kilimanjaro, alinunua boti. Mtu mwingine angenunua ng'ombe wa pili. Yeye, aliyepandisha watalii mlimani nusu ya maisha yake na asiyejua hata kuogelea, alileta boti ya faiba hadi Machame, akaiweka katikati ya migomba ya mama yetu, akaifunika turubai. Majirani wakienda kanisani walimuuliza kama gharika imeshatangazwa.

Mpango wake ulikuwa kutembeza wageni kwenye Mto Pangani, karibu na unapoingia baharini. "Dada, si ni maji yetu haya haya yanayoshuka kutoka huku?" aliniambia, kana kwamba hilo limemaliza kila kitu. Kilichobaki ni mahali pa kuegesha. Asipopapata, boti itauzwa, naye atarudi kukaa kwenye kigoda akitazama mlima asioweza kuupanda. Miezi mitatu ya kigoda nilikuwa nimeishuhudia, sikutaka mwezi wa nne. Nilikubali kwenda naye, boti ikiwa kwenye tela nyuma ya gari, nikajuta kabla hatujafika Mwanga.

Mahali pa kwanza tulipoonyeshwa palikuwa pazuri asubuhi. Saa nane mchana palikuwa tope tupu, kaa wanajipitia.

"Mto umekwenda wapi?" mdogo wangu akauliza.

Nilitamani kumzaba kofi. Kweli, mito ya kwetu hushuka tu, hakuna aliyeona Mto Karanga ukigeuza kurudi ulikotoka. Lakini mtu anayenunua boti si anauliza kwanza? Mahali pa pili palikuwa na kina cha kutosha, ila pamejaa boti za wenyewe, na mlinzi hakutuacha hata tushuke garini.

Siku ya pili tukampata mzee mwenye gati la mbao, mahali ambapo maji hubaki hata yakipwa. Akatupa nafasi ya majaribio, kisha akaenda kuswali. Maji yalikuwa yamejaa pomoni. Mdogo wangu akaifunga boti vile tunavyofunga ng'ombe nyumbani: kamba fupi, mbele na nyuma, asije akala migomba ya jirani. Tukaenda kula wali na samaki. Tuliporudi, maji yalikuwa yameshuka na boti inaning'inia kwenye kamba zake, imelala ubavu. Mbao mbili za gati zilikuwa zimeng'oka.

"Iondoeni," mzee akasema. Maji yalipojaa tukaipandisha tena kwenye tela.

Mimi ningerudi nyumbani siku hiyo hiyo kwa furaha. Mdogo wangu alirudi kweli, lakini kuchuma isale, lile jani tunalompelekea mtu tuliyemkosea. Kwetu ukiletewa isale huwezi kukataa kusamehe. Safari yote ile, kwenda na kurudi, kwa ajili ya jani! Nilimwambia watu wa Pangani hawalijui. Hakunisikia. Akapiga yale magoti mabovu kwenye gati, akamnyooshea mzee jani lililofungwa fundo. Mzee akaruka nyuma.

"Bismillahi! Mnaniroga?"

Ikabidi nieleze mimi, hasira zimenipanda na jasho linanitiririka. Nilimwaga yote: jani, ng'ombe, daktari, kigoda, nikamsihi atupe nafasi tena. Mzee akamtazama mdogo wangu, ambaye sasa alishindwa kuinuka. Akampa mkono, akamwinua.

"Nafasi ipo," akasema. "Lakini hapa boti haiachwi peke yake. Maji yakipwa unalegeza kamba, yakijaa unakaza, kila siku ya Mungu. Mwenye boti anakaa hapa hapa."

"Nitakaa," mdogo wangu akajibu, hata hakunigeukia.

Nikarudi Machame na gari tupu. Mama alinipokea uani.

"Mmepata mahali?"

"Tumepata, Mama."

Akachungulia kiti cha mbele, kisha cha nyuma. "Na yeye anakuja lini?"

Kwetu kitinda mimba, kama mdogo wangu, ndiye anayebaki na mama kihambani, kwenye shamba la migomba la ukoo. Nililijua hilo tangu utotoni, na siku zote zile za kuhangaika na tope, kamba na majani halikunijia kichwani hata mara moja. Nilikuwa nimemsihi yule mzee atukubalie. Nikiwa nimesimama mbele ya mama yangu, nilitamani angetufukuza.