Herufi Kumi na Moja

Ubao wa matangazo wa msikiti wetu hapa Dunda niliutengeneza mwenyewe, na laiti ningejua ningewaachia chaki yao. Ni ubao wa taa nyekundu juu ya mlango, na programu yake niliiandika kwa lugha ya C. Katibu wa msikiti anaandika tangazo kwenye simu, taa zinalionyesha, watu wakitoka kuswali wanasoma, wanapiga picha, wanarusha kwenye magrupu. Huku kwetu maiti hacheleweshwi. Akifa mtu asubuhi, mchana keshazikwa, na ndugu wa mbali akichelewa kupata habari, uso wa maiti wake hauoni tena. Kwa hiyo ubao ule ukisema jambo, lazima liwe kweli.

Sasa njoo kwenye uvivu wangu. Ndani ya programu, pembeni ya kila maneno ya kuonyeshwa, nilikuwa nimeandika kwa mkono idadi ya herufi zake. Vichwa vya matangazo vilikuwa viwili, MSIBA MJINI na OMBI LA DUA, vyote herufi kumi na moja ukihesabu na nafasi. Katibu akaona havina heshima. Akataka TANGAZO LA MSIBA na TANGAZO LA DUA. Kazi ya dakika tano, nikaifanya huku nakunywa chai. Kwenye msiba nikaandika kumi na sita. Kwenye dua nikabadilisha maneno, namba nikaisahau.

Wiki ile mjomba wangu, kaka wa marehemu mama, alikuwa hoi kitandani, na ni mimi niliyemwomba katibu aweke tangazo watu wamwombee. Mashine ikachukua herufi kumi na moja kama nilivyoiamuru, ikaandika TANGAZO LA, ikaishia hapo. Mbele yake, kwa kuwa sikuiambia ifute la zamani, lilikuwa limebaki neno la tangazo la jana, MSIBA. Na chini yake, jina kamili la mjomba wangu aliye hai.

Mpaka katibu ananipigia simu, picha ilishafika Mkange kwa mama mkubwa, dada pekee wa mjomba aliyebaki. Alasiri akaingia nyumbani analia kwa sauti, kajifunga kanga kiunoni, akamkuta kaka yake ameegemea mto anakunywa uji.

"Mbona umekuja mikono mitupu?" mjomba akamwambia. "Sanda iko wapi?"

Watu wakacheka. Mama mkubwa hakucheka. Akanigeukia.

"Wewe mtoto umeniulia ndugu yangu njia nzima, kutoka Mkange mpaka hapa. Hilo libao lako siliamini tena, na wewe vilevile."

Kesho yake katibu akauzima ubao, akaniingiza stoo ya msikiti na kompyuta yangu. "Hutoki humu mpaka ubao uwe sawa," akasema, nusu utani, nusu kweli. Joto la kufa mtu, majamvi yamepangwa mpaka dirishani, na jeneza la msikiti ubavuni pangu. Nikafungua programu nikataka kulia. Namba za mkono kila mahali: nyakati za swala, salamu za Idi, majina ya miezi. Nikaanza kuhesabu kwa kidole, herufi moja moja, nikapotea, nikaanza upya.

"Kwani kosa si moja?" katibu akaniuliza mlangoni. "Rekebisha hilo utoke."

"Moja ni lile lililoonekana, sheikh wangu."

Sikuiamini tena namba yangu hata moja. Nikaamua kuzing'oa zote, mashine ipime urefu wa maneno yenyewe, na kabla ya kuandika jipya ifute la zamani. Siku tatu nzima. Ukigusa hapa, pale panavunjika. Kutoka nje nako balaa, maana kila niliyepishana naye alikuwa na lake: "Fundi, leo umemuua nani?" Nikawa narudi stoo mwenyewe, nafunga mlango. Niliona aibu, wallahi, na mji wenyewe huu mdogo, ukimbilie wapi?

Mwezi haukuisha, mjomba akafa kweli, asubuhi, baada ya chai. Mkewe aliponipigia simu, sikwenda nyumbani. Nilikwenda msikitini. Katibu akaandika tangazo, nikasimama chini ya ubao nikalisoma herufi kwa herufi. Lilikuwa sahihi. Nikalipiga picha nikamtumia mama mkubwa, kisha nikampigia.

"Shikamoo mama. Mjomba katutoka."

"Uko wapi wewe?"

"Niko hapa msikitini, kwenye ubao. Safari hii nimehakikisha..."

"Haya, kaa na ubao wako." Akakata.

Nikapiga tena na tena, hakupokea. Alikuja kuamini karibu na adhuhuri, wifi yake alipopata nafasi ya kumpigia, akamsikia analia. Na barabara ya Mkange si ya kukimbia. Walimsubiri kidogo, wakaona haiwezekani. Tulikuwa tumesharudi kutoka makaburini aliposhuka kwenye bodaboda.

Hakunigombeza. Bora angenigombeza. Alikaa mkekani, akanishika mkono, akauliza, "Uso wake ulikuwaje, mwanangu?"

"Alikuwa ametulia, mama," nikamwambia. "Kama amelala."

Sikuuona. Wakati wanamfunua watu wamuage, mimi nilikuwa bado chini ya ubao, nahesabu herufi.