Sindano ya Pili ya Bakari

Huu mwaka wa tatu sasa, na Bi Mwanatabu wa Mtongwe nikimkumbuka roho bado hunichafuka. Kinachoniudhi zaidi ni kuwa siwezi kumlaumu.

Mwanawe wa pekee, Bakari, alikuwa kuli bandarini. Siku moja mwaka wa arobaini na sita gogo likamwangukia kichwani, akaletwa hajitambui katika hospitali yetu ndogo huku Changamwe, nilikokuwa dresa, msaidizi wa daktari. Ubongo ulikuwa umevimba. Daktari akampiga sindano ya sukari nzito mshipani. Sukari ile huyavuta maji ya ubongo yakaingia kwenye damu, kisha figo zikayatoa kwa mkojo. Adhuhuri Bakari akafumbua macho, akamwita mamake. Wallahi nilifurahi.

Lakini dawa hiyo ina hatari zake. Figo zikigoma, maji hubaki mwilini yakaelemea moyo na mapafu, na sindano ya pili ndiyo huua. Daktari akaagiza mkojo wote upimwe. Ukitoka vizuri, alasiri tutampiga ya pili. Nikaweka chupa ya mkojo kitandani, nikamwambia Bi Mwanatabu asiiguse. Sababu sikumpa. Niliona haya kumzungumzia mama mtu mzima mkojo wa mwanawe. Haya gani hizo, mjinga mimi!

Alasiri nikaikuta chupa kavu, inang'aa. Bakari alikuwa amesinzia, nikamuuliza mamake kama amekwenda haja ndogo. Akainama, akasema hajakwenda. Daktari akambonyeza kibofu, akakikuta kitupu. Akasema figo zimekataa, sindano haipigwi. Jua likitua Bakari akazimia tena. Asubuhi akafa.

Siku ya tatu nikaenda Mtongwe kutoa mkono wa tanzia. Bi Mwanatabu akanivuta kando, mbali na wenziwe.

"Mwanangu Lewa, niwie radhi, nilikudanganya," akasema. "Alikwenda mara tatu, na chupa ikijaa. Nikimwaga, nikiosha. Ningeswali vipi na najisi ubavuni? Na mambo ya mwanangu ningeyatajaje mbele ya wanaume? Lakini amekwenda safi, alhamdulillahi."

Mara tatu! Figo zilikuwa nzima, na sindano ilikuwa mezani, imeshachemshwa. Nilitaka kumpigia ukelele pale pale, yeye na mimi mwenyewe. Naye alikuwa akinitazama usoni, akauliza kama alikosea.

"La, mama," nikamwambia. "Ulimtunza."